Kenyans for Kenya: Harambee ya Mtandaoni ya 2011

Kenyans for Kenya (Wakenya kwa ajili ya Kenya) ilikuwa kampeni ya michango iliyoanzishwa Julai 2011, ukame ulipowakumba wakazi wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini mwa Kenya. Picha za wenye njaa zilienea kwenye runinga, Twitter na Facebook, na wananchi wakaanza kuulizana huko huko mtandaoni la kufanya. Msalaba Mwekundu wa Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari vikaunganisha nguvu.

Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 katika wiki nne. Michango ikapita bilioni 1.

Ufanisi huo haukuletwa na picha peke yake. M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza 2007, ilikuwa imekwisha kuzoeleka hadi vijijini, hivyo aliyesoma ujumbe aliweza kutuma pesa kwa simu ile ile kabla huruma haijapoa. Hapo ndipo kampeni nyingi hukwama: watu husoma, husikitika, hupita. Safari hii aliyetoa kidogo aliwahimiza jamaa na wenzake wa kazini, na mchangiaji akageuka mpiga mbiu. Harambee ya zamani ilihitaji uwanja, mgeni rasmi na hotuba (ndefu kupita kiasi, mara nyingi); hii haikuhitaji hata kiti.

Jambo la kusifiwa zaidi ni kwamba kazi haikuishia kwenye magunia ya chakula. Sehemu ya fedha ilielekezwa kwenye miradi ya maji na umwagiliaji katika maeneo kame.