Kilo za Jumanne: jinsi ya kuitambua logi nzuri

Ukitaka kujua seva fulani inatunzwa na fundi wa aina gani, usimwombe akuonyeshe mashine. Mpe swali la mkulima alijibu. Tuseme mama mmoja wa Sosiot, huku Belgut, alipeleka majani ya chai kituoni Jumanne asubuhi. Mizani ya kielektroniki ikasoma kilo 17 na nusu, akapewa risiti. Mwisho wa mwezi taarifa yake ya malipo haina Jumanne hiyo. Anamwendea karani: "Kijana wangu, kilo zangu za Jumanne ziko wapi?" Karani naye: "Mama, ngoja niulize wenye mashine." Simu inapigwa Kericho mjini, na anayeipokea hana shahidi mwingine ila yale ambayo programu zimekuwa zikijiandikia kimyakimya tangu Jumanne ile. Hayo ndiyo logi. Na pale logi ya kawaida isipotosha, kuna mafaili ya ufuatiliaji, ambayo hufunguliwa kwa makusudi ili seva ieleze kila hatua inayopiga.

Logi nzuri ni ile inayolijibu swali la mama huyo. Sina kipimo kingine. Wengi huhukumu kwa wingi: faili likiwa kubwa na mistari ikiteremka mbio kwenye kioo, wanasema hapa pamefuatiliwa. Lakini mchumaji mzuri hapimwi kwa kikapu kujaa. Anapimwa kwa majani mawili na kichipukizi, na kikapu cha majani magumu hurudishwa hata kikiwa kizito. Vivyo hivyo kwa logi.

Mimi huanza na saa, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mama atasema alipima saa tatu asubuhi. Risiti imeandikwa 09:10. Seva, kama aliyeisimika aliiacha kwenye saa ya dunia (UTC), imeandika 06:10. Tatu, tisa na sita ni dakika ileile, na fundi mwenye haraka anaweza kutafuta kwenye 03:10, akakuta kimya, akasema mama hakupima kitu. Kwa hiyo naangalia kama kila mstari unataja tofauti yake na saa ya dunia: 2024-05-14T09:10:42+03:00. Muundo huo una kanuni yake, RFC 3339 ya mwaka 2002. Huku kwetu hupuuzwa kwa sababu Afrika Mashariki haibadilishi saa majira yoyote. Tofauti ni saa tatu mwaka mzima, na mtu huona hakuna haja ya kuiandika. Haja ipo siku mashine mbili zilizosimikwa na watu wawili zinapotoa ushahidi unaopishana.

Saa moja haitoshi, hata ikiwa sahihi. Mvua ya Kericho ikianza mchana mtandao huyumba, na kifaa cha mizani hulazimika kushikilia rekodi hadi mawasiliano yarudi. Uzani wa 09:10 unaweza kuifikia seva 14:25, au baada ya saa sita usiku. Logi iliyotungwa na mtu anayejua kazi huandika nyakati zote mbili: lini majani yalipimwa, na lini rekodi ilipokelewa. Ikiandika ule wa pili peke yake, majani ya Jumanne yanageuka ya Jumatano. Yale ya tarehe 31 yanahamia mwezi mwingine kabisa, na hapo huenda hakuna kilo iliyopotea. Imekaa ukurasa usio wake. Niulizie pia kama vifaa vyote husawazisha saa zao kwa NTP. Kifaa kinachochelewa dakika nne hakimwibii mtu, ila kinavuruga mpangilio wa matukio, na mpangilio ndio tunaoutafuta.

Pamoja na saa, tazama namba ya muamala. Kila uzani uzaliwe na namba yake pale mizani, na namba hiyo isafiri nao: kwenye risiti, kwenye kifaa, kwenye seva ya kupokea, kwenye hifadhidata, hadi kwenye programu ya malipo. Ukiitafuta mahali pote panne au patano uone safari nzima. Nimeona mifumo ambayo kila programu inajitungia namba yake. Fundi hubaki kuunganisha kwa kukisia: uzito unafanana, saa inakaribiana, bila shaka ni hii. Kukisia huko hakuwezi kutetewa mbele ya kikao cha wakulima.

Sasa ngazi. Eric Allman alipotengeneza mfumo wa logi wa syslog miaka ya 1980 huko Berkeley, kwa ajili ya programu yake ya barua pepe, Sendmail, alituachia desturi ya kupanga ujumbe kwa uzito. RFC 5424 ya mwaka 2009 inazitaja ngazi nane, kuanzia 0 hadi 7: dharura, tahadhari, hatari, kosa, onyo, ilani, taarifa, uchunguzi. Kila mtengenezaji ana ngazi zake. Db2 ya IBM ina DIAGLEVEL ya 0 hadi 4, na hutoka kiwandani ikiwa kwenye 3. Mawasiliano ya Oracle yanaruka: 0, 4, 10, 16, na hiyo 16 imekusudiwa wahandisi wa msaada wa kampuni. Apache, tangu toleo la 2.4 la mwaka 2012, ina ngazi nane za ufuatiliaji chini ya ile ya uchunguzi, trace1 hadi trace8. Sijakutana na binadamu aliyesoma trace8 kwa hiari yake.

Kukariri namba hizo si ufundi. Ufundi ni nidhamu ya kuamua ujumbe gani unastahili ngazi gani, na nidhamu hiyo utaiona kwa kusoma logi ya siku moja ya kawaida. Hesabu makosa. Kama karani aliyekosea neno la siri ameandikwa kama "kosa", na mkulima aliyeandikishwa mara mbili "kosa", na hifadhidata iliyokatika "kosa", basi neno hilo limekwisha maana, na hakuna atakayeshtuka likija la kweli. Kwangu mimi kosa ni jambo ambalo lazima mtu aamke alishughulikie. "Onyo" ni ngazi ya uvivu. Huko ndiko unakotupwa ujumbe ambao mwandishi wa programu hakuamua uwe wa ngazi gani. Na "taarifa" ndiyo moyo wa logi, ingawa wengi huizima ili kubana nafasi. Hapo ndipo habari za biashara yenyewe hukaa: rekodi imepokelewa, imehifadhiwa, imekataliwa kwa sababu hii. Seva iliyowekwa kuandika makosa tu haitaweza kumjibu mama kamwe, maana huenda kwa upande wake hakukuwa na kosa lolote.

Ngazi ya uchunguzi na zile za chini yake zikae zimefungwa. Alama ninayoitafuta kuliko zote ni namna fundi anavyozifungua. Asiye na uzoefu hufungua kila kitu, kwa watu wote, kisha anawasha seva upya ili mabadiliko yashike. Kuwasha upya ndiko kunakoua ushahidi: foleni iliyokwama inafutika, muunganisho uliolemaa unazaliwa upya ukiwa mzima, na tatizo linajificha hadi wiki ijayo. Fundi mzuri hufungua mlango mmoja. Kwenye nginx iliyoundwa ikiwa na uwezo wa uchunguzi, debug_connection humfuata mtu wa anwani moja tu na kuwaacha wengine. Apache huruhusu sehemu moja ya programu izungumze na nyingine zinyamaze. PostgreSQL inakubali mtumiaji mmoja, au hifadhidata moja, apewe log_min_duration_statement yake, kwa mfano robo sekunde, ili maombi ya kifaa cha kituo kimoja yanayokawia yaandikwe na ya wengine yapite. Na mipangilio ya aina hiyo haidai seva izimwe. Oracle nayo ina njia ya kufuatilia kikao kimoja, ikiandika hadi muda uliotumika kusubiri. Muulize fundi wako: unaweza kufuatilia kituo cha Sosiot peke yake, sasa hivi, wakati vituo vingine vinapima? Akisema itabidi tuzime kwanza, umeshapata jibu la swali lililo kubwa zaidi.

Halafu muulize mlango huo unafungwa lini. Ufuatiliaji wa Januari hukutwa Juni ungali unaandika, aliyeufungua keshahamia Nairobi. Penye utaratibu, anayefungua huweka pia saa ya kujifunga, hata ikiwa ni amri ndogo ya cron ya kurudisha ngazi ya kawaida jioni.

Gharama yake ni hesabu ya darasani. Mstari wa baiti 200, mistari 50 kwa sekunde, ni megabaiti 864 kwa siku. Fungua uchunguzi, mistari izidi mara 20, uko kwenye gigabaiti 17. Diski ya ofisi ndogo haichukui wiki nyingi za namna hiyo, na ikijaa haiathiri logi peke yake. Mahali ambapo PostgreSQL huweka kumbukumbu zake za kujiokoa pakikosa nafasi, seva inaweza kusimama kabisa, asubuhi ya kupima majani. Ndiyo maana naangalia kama logi ziko kwenye diski, au sehemu ya diski, ya peke yake, mbali na hifadhidata. Kisha naangalia mzunguko: faili likifika ukubwa fulani lifungwe, jipya lianze, la zamani zaidi lifutwe. Logrotate hufanya kazi hiyo kwenye Linux. Oracle ina TRACE_FILELEN na TRACE_FILENO, yaani ukubwa wa kila faili na idadi yake. Wanaotumia copytruncate ya logrotate wajue kwamba kati ya kunakili na kufuta, mistari michache inaweza kupotea. Jambo jingine dogo linalomfichua mgeni wa kazi: kufuta kwa mkono faili ambalo programu bado imelishika. Jina linatoweka, nafasi hairudi, na mtu anabaki kushangaa df na du zikitoa hesabu mbili tofauti.

Muda wa kuhifadhi ndio unaokosewa zaidi katika nchi ya chai. Mipangilio mingi ya awali hutunza wiki moja au nne. Mwaka wa hesabu wa viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala wa chai wa wakulima wadogo, huishia Juni, na bonasi kwa desturi hulipwa karibu na Oktoba. Majani yaliyochumwa Julai yanaweza kuulizwa Oktoba ya mwaka unaofuata, miezi 15 baadaye, mkulima anapolinganisha bonasi na risiti alizotunza kwenye bahasha. Logi ya taarifa, ile nyembamba, itunzwe miezi hiyo yote na zaidi. Imebanwa haichukui nafasi kubwa. Ile nene ya uchunguzi ikae siku chache itupwe. Anayezipa zote mbili umri mmoja hajakaa na wakulima.

Umeme nao una lake. Programu nyingi hukusanya mistari kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kuiandika diskini, na stima ikipotea ghafla, mistari inayopotea ni ile ya mwisho, inayosema nini kilitokea. Tazama kama kosa huandikwa papo hapo. Tazama pia kama nakala hupelekwa kwenye mashine nyingine, na kwa TCP. Syslog ya zamani kwa UDP, mlango wa 514, hutuma bila kujua kama imepokelewa.

Yasiyopaswa kuwemo ni muhimu sawa na yanayopaswa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na faili la logi lenye majina, namba za vitambulisho na za simu za wakulima ni data binafsi kama lilivyo daftari la wanachama. Namba ya mkulima na ya muamala zinatosha. Ufuatiliaji wa kina ndio hatari zaidi, kwa sababu ngazi kama ile 16 ya Oracle huonyesha hadi yaliyomo ndani ya pakiti. Na PostgreSQL ikiambiwa iandike kila amri, itaandika pia ile ya kubadilisha neno la siri, pamoja na neno lenyewe. Mafaili hayo yasomwe na wachache, na yakitumwa kwa muuzaji yapitiwe kwanza. Desemba 2021 dunia ilijifunza jingine kupitia Log4j: maandishi yaliyotoka kwa mtu wa nje, yakaandikwa tu kwenye logi, yaligeuka kuwa amri kwa seva. Hata leo, jaribu kuandikisha jina lenye alama ya mstari mpya ndani yake. Kama logi itaonyesha mistari miwili badala ya mmoja, mtu anaweza kuitungia logi hiyo ushahidi wa uongo.

Kabla ya kumlipa aliyesimika mfumo, omba jaribio moja, lifanyike mbele yako siku isiyo ya kupima. Kifaa kikatwe mtandao kwa dakika kumi. Pimeni mawe, au gunia la mahindi, mara tano. Mtandao urudi, kisha kifaa kilazimishwe kutuma tena zilezile tano. Fungua logi ya taarifa. Panapaswa kusomeka mawasiliano yalikatika lini, yalirudi lini, rekodi ngapi zilikuwa foleni, na kila moja na saa zake mbili. Rekodi tano za kwanza zimehifadhiwa. Tano za pili zimekataliwa kwa kuwa namba zake zipo tayari. Mpe mtu ambaye hakuujenga mfumo, karani hasa, aisome kwa sauti. Akikwama kwenye mstari, uandikwe upya kabla ya hundi kutiwa sahihi.