Pongezi kwa Mafundi Saa

Mpelekee fundi saa ya mkono aliyoiacha babu, naye hatakimbilia kutaja bei. Atapachika lenzi jichoni, afungue mfuniko wa nyuma, aanze kusoma. Jina lililo usoni halimtoshi, maana uso hubadilishwa. Hutafuta namba ya mashine, mara nyingi karibu na gurudumu linalocheza, kwa tarakimu ndogo kuliko punje ya mtama.

Akikuta mshale mpana na herufi W.W.W., anajua saa hiyo iliagizwa na jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akiona T kila upande wa neno SWISS, anajua rangi ing'aayo gizani ina tritiamu. Nyingi za zamani zaidi zilipakwa radiamu, ambayo vumbi lake ni hatari kulivuta, hivyo haikwarui ovyo. Ndani ya mfuniko husoma pia alama hafifu zilizochorwa na mafundi waliomtangulia.

Kazi hii huchosha macho na shingo. Ukiwa na saa ya urithi, mpelekee, na umlipe kwa ujuzi wake, si kwa dakika alizotumia.