Kivinjari Ndani ya Programu ya Mwingine

Anayetumia Spotify au Steam kwenye kompyuta anatazama kurasa za wavuti bila kujua. Kilichofichwa nyuma ya madirisha hayo ni CEF (Chromium Embedded Framework), mradi alioanzisha Marshall Greenblatt mwaka 2008, mwaka uleule Google ilipoizindua Chrome. CEF huichukua injini ya Chromium, msingi wa Chrome, na kuiweka mikononi mwa mwandishi wa programu nyingine, aitumie kama anavyotumia maktaba yoyote. Wengi huisifu injini. Mimi sichoki kutazama jinsi mradi wenyewe unavyopangwa.

Kuikompaili Chromium tangu mwanzo si mchezo: inadai diski yenye nafasi ya gigabaiti 100 au zaidi, na saa nyingi za kusubiri. CEF inakuondolea adha hiyo kwa kukupa furushi lililo tayari. Unaielekeza zana ya CMake kwenye folda ya furushi hilo, nayo inakutengenezea mradi wa Visual Studio au wa Xcode. Ndani yake mna mfano mdogo uitwao cefsimple, ambao hufungua dirisha moja lenye ukurasa mmoja. Ni mahali pazuri pa kuanzia kusoma.

Jambo la kwanza linaloshangaza ni kwamba injini, libcef.dll, huja imeshakompailiwa, ila libcef_dll_wrapper huja kama msimbo mtupu na inakubidi uikompaili mwenyewe. Si uzembe wa watengenezaji. Kompaila mbili za C++ zinaweza kutofautiana kuhusu namna ya kupanga vitu kwenye kumbukumbu, na kitu kilichojengwa na moja kikavunjika mikononi mwa nyingine. C haina utata huo. Kwa hiyo libcef huzungumza na dunia ya nje kwa C peke yake, kisha ile wrapper, iliyojengwa kwa kompaila yako na kwa mipangilio yako, hukurudishia madarasa ya C++. Ni kama forodha: kila kitu huvuka kwa lugha moja inayoeleweka pande zote mbili.

Na msimbo wa mpaka huo, maelfu ya mistari inayochosha, hauandikwi kwa mkono. Programu ya Python husoma faili za vichwa, hutafuta maoni maalumu yaliyowekwa juu ya kila darasa na kila mbinu, kisha huandika pande zote mbili. Aliyefikiria hivyo aliijua vizuri tabia ya binadamu ya kukosea akichoka.

Uangalifu huohuo unadaiwa kwako. Kwenye Windows, wrapper huja ikiwa imewekwa chaguo la kompaila la /MT. Programu yako ikitumia /MD, linka itagoma. Faili za icudtl.dat na resources.pak, pamoja na folda ya locales, hukaa kando ya faili la programu, na CMake ndiyo inayozinakili huko kila unapojenga.

Kisha kuna mstari wa kwanza wa maana katika main. Chromium huendesha kazi zake katika michakato tofauti, ili ukurasa mmoja ukianguka usiiangushe programu nzima. Katika cefsimple ya Windows, michakato hiyo yote huzaliwa kutokana na faili lilelile, likiitwa tena na tena. CefExecuteProcess hutangulia ili kuitenganisha: kwa mchakato mtoto, hufanya kazi yote na kurudisha namba ya kumalizia; kwa mchakato mkuu, hurudisha -1, nao unaendelea na CefInitialize. Ukianza na mambo yako kabla ya hapo, kila mtoto atayarudia. macOS ina desturi nyingine. Huko watoto hupewa programu saidizi zao wenyewe ndani ya kifurushi.

Kufunga nako kuna utaratibu. Cefsimple huweka orodha ya vivinjari vilivyo wazi. Kila kimoja kinapofungwa, hutolewa orodhani. Cha mwisho kikitoka, mzunguko wa ujumbe husimamishwa, na hapo ndipo CefShutdown huitwa.