Sitara ya Lugha na Uwazi wa Picha

Katika shairi la Kiswahili mpenzi hana haja ya kutajwa kuwa ni mume au mke. Lugha yenyewe humsitiri: "yeye" ni yeye, "nimpendaye" ni nimpendaye, na msomaji huachiwa ajaze uso aujuao. Filamu haina bahati hiyo. Kamera ifunguliwapo, uso huonekana, na siri iliyokaa salama ndani ya kiambishi kimoja hutoka hadharani.

Hapo ndipo ulipo uzito wa Stories of Our Lives, mkusanyo wa filamu fupi tano wa mwaka 2014, ulioongozwa na Jim Chuchu na kutengenezwa na wasanii wa kundi lake la The Nest, Nairobi. Chimbuko lake ni masimulizi ya kweli ya Wakenya wapendao watu wa jinsia yao, yaliyokusanywa bila ya kutaja majina ya wasimulizi. Picha zote ni nyeusi na nyeupe. Kwa hivyo kivuli kinafanya kazi ambayo fumbo huifanya katika ubeti.

Filamu hizo hazilingani kwa ubora. "Run" inamwonyesha Patrick, anayegundua baa ya watu wa namna yake na kufarakana na Kama, rafiki yake wa chanda na pete. Kasi yake inasisimua, walakini Kama amechorwa kwa chuki tu. Mtazamaji haonjeshwi vya kutosha utamu wa urafiki ule, na kwa hivyo kuvunjika kwake hakumuumi kama ilivyopasa. "Itisha Poa", yenye jina la Kiswahili cha mitaa ya Nairobi, inamfuata Kate, mwanafunzi mkaidi anayempenda Faith, kisha akajijaribu kwa mvulana wa jirani. "Duet" imewekwa katika chumba cha hoteli Uingereza, ambamo Jeff anamngojea mwanamume aliyemlipa. Humo haya hutangulia tamaa, na ndiyo inayomfanya Jeff awe mtu kamili.

Iliyo bora kuliko zote ni "Athman", jina litakalomgusa msomaji wa pwani ingawa kisa chake ni cha shamba la chai. Ray na Athman ni vibarua na masahibu wa miaka. Anapokuja Fiona, Athman anaanza kucheka naye, na Ray analazimika kuupima moyo wake. Hapana adui humo, wala hotuba. Pana mtu mmoja tu anayejua akipendacho na anayejua pia kwamba hatakipata. Nani miongoni mwa wapenzi wa mashairi asiyemtambua? Ya mwisho, "Each Night I Dream", inamwacha Liz abuni njia za kumtorosha mpenzi wake Achi pindi wanasiasa wanapotishia kuwaandama. Ndoto hapo si pambo, bali ni maficho ya mwisho.

Filamu hizo zilionyeshwa Toronto Septemba 2014. Mwezi uliofuata Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ikazipiga marufuku, kwa hoja kwamba zinaeneza ushoga kinyume na maadili ya taifa. Mtayarishaji, George Gachara, alikamatwa kwa kupiga filamu bila ya leseni, ingawa baadaye kesi ilifutwa. Mwaka 2015 zikapata tuzo ya majaji ya Teddy, Berlin. Basi wageni wakazitazama, na wenye visa wakanyimwa kujiona.

Mwanzoni wasanii nao waliyaficha majina yao. Huko Toronto, Chuchu, Gachara na Njoki Ngumi wakajitaja, na waliosimulia wakabaki wamesitiriwa. Tofauti hiyo ndiyo fundisho la kazi nzima. Sitara ni hisani kwa mtu aliyejichagulia. Kwa aliyelazimishwa ni kifungo. Ray wa "Athman" hakuomba kushangiliwa wala kutangazwa. Alitaka tu asiwe mgeni mbele ya nafsi yake, na haja hiyo mashairi yetu yaliijua kabla ya kamera.