Tumbawe Hukaguliwa Chini

Mnunuzi mgeni wa matumbawe ya tangini huvutwa na rangi. Mfugaji mzoefu hugeuza kipande cha tumbawe akatazama kitako, yaani kile kigae kidogo kilichogandishiwa tumbawe kwa gundi. Habari zote za kweli ziko huko chini.

Dukani. Kipande kizuri kimeshika kitako chake. Nyama imetambaa kutoka kwenye mfupa hadi juu ya kigae, ishara kwamba kidonda cha kukatwa kimepona. Kinachochezacheza juu ya gundi mbichi kimekatwa juzi. Kiache kipone kwanza. Kwa tumbawe la aina ya Acropora, ncha nyeupe ni dalili ya kukua, lakini weupe kwenye shina ni nyama inayobanduka. Kwa aina ya Euphyllia, kagua kama kingo za mfupa zimechomoza katikati ya nyama, na uogope ute wa kahawia. Omba taa ya buluu izimwe, iwashwe nyeupe. Tumbawe lililopauka limepoteza mwani wa seli moja unaolilisha kutoka ndani. Chini ya taa ya buluu linaweza kung'aa huku linakufa njaa. Kama ni tumbawe gumu lililovuka mpaka, uliza kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Kuzoesha maji. Acha mfuko uelee tangini, ungali umefungwa, dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha pima chumvi ya maji yote mawili. Tangi la matumbawe hulenga gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Tofauti ikiwepo, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa hivi. Wengi huharibu hapa kwa kudhani kukawia ndiko umakini. Baada ya safari ndefu, maji ya mfukoni huwa na kabonidayoksaidi na amonia. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu kali zaidi. Kwa hiyo fundi mzuri hupima, hulinganisha, halafu humaliza.

Josho. Vaa glovu na miwani, maana Palythoa na jamaa zake huweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno. Chota maji ya tangi kwenye bakuli jeupe, tia dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, iwe ya iodini au ya mafuta ya msonobari. Chovya kwa muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 5 hadi 10, huku ukipuliza maji kwa pipeti kwenye kila pembe. Baadaye chungulia chini ya bakuli. Bakuli jeupe linakufaa hapo: utaona minyoo bapa inayokula Acropora, au konokono wasio na gamba wanaokula Montipora. Suuza tumbawe katika bakuli la pili, na maji ya dawa yasiingie tangini kamwe.

Bakuli safi lisikulaze usingizi. Mfugaji wa ng'ombe anajua kwamba josho moja halimalizi kupe, na huku ni vivyo hivyo: dawa huua wadudu, mayai yakabaki. Mayai hayo hupenda kujificha kwenye mfupa ulio wazi na chini ya kigae. Ndiyo maana mzoefu hubandua kitako cha zamani, huweka kipya, hulitenga tumbawe katika tangi dogo kwa wiki kadhaa, na hurudia josho kila wiki ili ayakute yaliyoanguliwa.

Mahali pa kuanzia. Liweke tumbawe chini tangini, mbali na mwanga mkali, ulipandishe taratibu wiki baada ya wiki. Mwanga wa ghafla hulifanya liutapike mwani wake.

Usihukumu kazi yako siku polipi, yaani vinyama vidogo vya tumbawe, zinapofunguka. Hata tumbawe gonjwa hufunguka. Ngoja wiki zipite, kisha inama utazame kitako kipya. Nyama ikianza kutambaa juu yake, tumbawe limepakubali kwako.