Hongera, mafundi wa ringi

Land Rover za zamani bado zinapanda vilima vya Pemba, na ringi zake za chuma hazina adui kama chumvi ya bahari. Hongera kwa mafundi wanaozifufua uani kwao. Tairi huvuliwa, chumvi huoshwa kwa maji ya kisima, kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80 na 240. Praima hupakwa siku hiyohiyo, maana kwa unyevu wetu chuma kitupu hakikawii kushika kutu. Ninachokisifu zaidi ni subira: rangi nyepesi, mkono juu ya mkono. Na pale nati zinapokaa hawalundiki rangi, kwani ikipondeka nati hulegea. Mwenye gari, mlipe fundi wako bila kuvutana sana.