“Kusimamisha Moyo”: Istilahi Inayohitaji Kurekebishwa

Miongoni mwa tafsiri za kitabibu zinazotufikia, ile ihusuyo upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu ya moyo yastahili kuhakikiwa. Mkulima wa Shinyanga au mchimba dhahabu wa Geita apewaye rufaa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hutakiwa kuridhia upasuaji kwa maandishi. Katika tafsiri tunayoijadili, mgonjwa huambiwa kwamba moyo wake “utasimamishwa”. Masikioni mwake, moyo uliosimama ni kifo.

Tuitazame kazi yenyewe. Mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu, daktari huubana mshipa mkuu wa damu, kisha hupitisha katika mishipa ya moyo kimiminiko chenye potasiamu nyingi, aghalabu cha baridi ya nyuzi 4 hivi. Mapigo hukoma msuli ukiwa umelegea, na hitaji lake la oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 90. Mchimbaji wa Geita ataelewa: karasha halitengenezwi likizunguka, na likizimwa halili mafuta. Shabaha basi ni kuuhifadhi msuli. Neno “kusimamisha” limetaja tendo, likaacha kusudi.

Wako wanaopendelea “kupoozesha”. Hapa pana mtego: kupoza ni kutia ubaridi, kupooza ni kupotewa na nguvu za viungo. Kimiminiko hiki hupoza na pia huondoa mjongeo, lakini mgonjwa akisikia “kupooza” atadhani anaahidiwa kiharusi. “Kupumzisha” nako kumekwisha kuzoeleka matangani. Na “kutuliza moyo” ni kazi ya mfariji.

Twapendekeza “kusitisha mapigo kwa muda”. Vita vikisitishwa, jeshi halijavunjwa. Vilevile hapa kinachositishwa ni mapigo, wala si moyo. Jumla ya hatua hizi iitwe “hifadhi ya msuli wa moyo”, na dawa yenyewe “kimiminiko cha kusitisha mapigo”.

Hata hivyo, istilahi laini isiwe pazia la kufichia hatari. Karatasi ya ridhaa haina budi kueleza pia kwamba msuli huweza kudhurika, na kwamba mapigo huweza kurejea kwa shida. Mfasiri hana ruhusa ya kumtisha mgonjwa, wala hana ruhusa ya kumlaghai. Ridhaa iliyotolewa kwa neno lisiloeleweka si ridhaa.